Siku Hizi Nauliza Milimita

Nina Toyota Noah inayobeba abiria kati ya Lushoto na Mombo, na nimekuja kutoa ushuhuda juu ya diski zake mbili za mbele. Mimi si fundi wala si dereva. Ni mfanyabiashara wa mboga. Gari hilo lilinunuliwa kwa kabichi, karoti na hoho nilizopeleka sokoni misimu mingi. Kila spea iliyofungwa humo imepitia mfukoni mwangu, na kwa miaka neno langu kwa fundi lilikuwa moja: "Shilingi ngapi?" Leo breki zikitajwa, swali langu la kwanza ni, "Zimebaki milimita ngapi?" Swali hilo limegeuza namna ninavyotunza gari, ninavyomlipa fundi, na ninavyozungumza na kijana ninayemkabidhi roho za watu kila alfajiri. Nalitolea ushuhuda kwa sababu wenye magari wengi wako kama mimi: gari ni letu, lakini usukani umo mikononi mwa mwingine.

Anayeijua njia yetu hahitaji kuelezwa sana. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita kama 33 za kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, kwenye barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, Moshi na Arusha, iko kama mita 400. Ni mita elfu moja za kushuka. Gari likipanda, kazi ni ya injini, na kila abiria anaisikia inavyojikaza. Likishuka, kazi ni ya breki, nazo huifanya kimya. Kimya hicho ndicho kinachotupumbaza wenye magari.

Kwetu kimya kilivunjwa na mtetemo. Jioni moja dereva wangu alinikabidhi hesabu ya siku, kisha hakuondoka.

"Mama," akasema, "tukishaipita Soni, nikishika breki usukani unacheza. Na pedali inanisukuma mguu."

"Mkipanda je?"

"Tukipanda hakuna kitu."

Pedi zikabadilishwa. Mtetemo ukatulia kidogo, kisha ukarudi. Tairi zikafanyiwa balansi, ukarudi. Kijiweni kila mmoja alikuwa na lake, na wengi walisema diski zimepinda kwa joto, zipelekwe zikakerezwe. Hakuna aliyetaja unene. Pedi tunajua kwamba inaisha, maana fundi akiitoa tunaiona ilivyo nyembamba kiganjani mwake. Diski ni chuma, nzito, inang'aa. Ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba nayo huliwa, na kwamba ina kikomo?

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee wa Korogwe, ambaye ujana wake aliutumia katika karakana za reli kabla ya kufungua gereji yake. Alitoa gurudumu, akafungua kalipa na kuining'iniza kwa waya ili mpira wa mafuta ya breki usibebe uzito. Pedi akaziweka pembeni bila hata kuzitazama. Akachukua brashi ya waya, akasugua kutu kwenye kikombe cha diski, ile sehemu ya katikati iliyoinuka, mpaka maandishi yakajitokeza.

"Mama, una miwani? Soma hapo."

Nikasoma: MIN TH 23.

"Hiyo ni amri ya kiwanda," akasema. "Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, kwa milimita. Diski hii ilipokuwa mpya ilikuwa 25. Ikishuka chini ya 23, inatoka kwenye gari, hata kama inang'aa namna gani."

Kisha akaleta kisanduku cha mbao, na ndani yake maikromita. Nilimuuliza kwa nini hatumii venia, kifaa ambacho nimekiona kwenye gereji nyingi. Akaniwekea kidole changu kwenye ukingo wa nje wa diski, nikahisi kituta cha kutu kilichoinuka. Pedi haifiki pale, kwa hiyo ukingo ule haujaliwa tangu diski ifungwe. Taya za venia ya kawaida hukaa juu ya kituta hicho na kukusomea unene wa zamani. Maikromita huingia ndani ya kituta, kama sentimita moja kutoka ukingoni, pale pedi inapopita. Akapima sehemu nane kuzunguka diski, nami nikaandika: 22.41, 22.38, 22.44, 22.40, na kuendelea. Zote zilikuwa chini ya 23, na karibu kila moja ilikuwa na yake. Upande wa pili ulikuwa vivyo hivyo.

Kilichonishika moyo ni kwamba jibu lilikuwa limeandikwa kwenye chuma chenyewe, pale pale kwenye gurudumu, na mtu yeyote ajuaye kusoma namba angeweza kulisoma. Halikuhitaji kipaji wala uzoefu wa kusikiliza milio. Lilihitaji kuulizwa.

Nina binti aliyesomea ufundi wa magari VETA. Usiku ule nilimpigia simu nikamuuliza, milimita mbili za chuma ni kitu gani hata zigawanye diski nzima na diski ya kutupa? Akanifanyia hesabu ambayo tangu hapo sijaisahau. Noah ikiwa na abiria na matenga yao ina uzito wa karibu tani mbili. Tani mbili zikishuka mita elfu moja, nishati inayotoka inatosha kuchemsha ndoo tatu za lita 20, kutoka maji ya bombani hadi yatokote. Sehemu ya nishati hiyo huishia kwenye tairi zinapokanyaga lami, kidogo hupotelea kwenye upepo, na injini ikishikiliwa kwa gia ndogo huchukua sehemu yake. Iliyobaki haina pa kwenda ila kwenye breki, na huko yote hugeuka kuwa joto. Sehemu kubwa ya joto hilo huangukia breki za mbele, kwa kuwa gari likifunga breki uzito wake huinamia mbele. Na hayo ni ya mteremko peke yake. Dereva akiongeza mwendo mara mbili, tuseme kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nishati ya kuizima kwenye kona inayofuata huwa mara nne.

Hapo ndipo niliporudi kuitazama diski kwa heshima. Ni chuma cha kusubu, na kazi yake ni mbili: kushikwa na pedi, na kubeba joto mpaka upepo ulichukue. Diski ya mbele ya gari kama langu ni sahani mbili zilizounganishwa kwa mbavu, na katikati yake kuna nafasi. Ikizunguka, hewa huvutwa kutoka katikati na kutupwa nje kupitia nafasi hiyo. Chuma kikipungua, joto ni lile lile lakini cha kulibeba kimepungua, kwa hiyo diski hupata moto mapema zaidi na kufika juu zaidi. Pedi ikipita joto lake hupoteza mshiko. Dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi, joto likaongezeka tena. Zaidi ya hapo, diski nyembamba na pedi zilizokwisha hulazimisha pistoni ya kalipa itoke mbali kuliko ilivyokusudiwa, na chuma kilichochoka huanza kupasuka.

Joto haliishii hapo. Hupenya kwenye pedi, likaingia kwenye pistoni, likafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, mwaka baada ya mwaka, hata kama gari halivuji popote. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa ni nyuzi 140 tu. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka huzaa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Dereva anakanyaga, pedali inakwenda hadi chini, gari halishiki. Asubuhi yake tunasikia kwamba gari limefeli breki, tunasema ni ajali, tunazika. Ninamwamini Mungu, na naamini pia kwamba ametupa macho ya kusoma namba na mikono ya kufungua nati. Breki zile zilikuwa zimeanza kuchoka miezi mingi kabla ya siku ya msiba, kwa vipimo ambavyo vingeweza kuandikwa daftarini.

Binti yangu aliniambia kwamba diski zenyewe zilikuja kwa sababu ya joto hili hili. Mwingereza Frederick Lanchester alisajili hataza ya breki ya diski mwaka 1902, lakini wazo lake lilikaa miongo kadhaa kabla ya kuenea. Mwaka 1953 gari la Jaguar lenye breki za diski lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, na ulimwengu wa magari ukaona tofauti. Mwaka 1955 Citroën wakaleta gari lao la DS, likiwa na diski mbele, likatengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa watu wa kawaida. Dramu, kama zile zilizo nyuma ya Noah yangu, hufungia joto ndani, na zikipata moto hutanuka na kuzikimbia shuu zake, kwa hiyo mguu hulazimika kwenda chini zaidi. Diski iko wazi kwenye upepo, na ikitanuka huisogelea pedi. Tumepewa kifaa kinachostahimili mlima. Kinachotakiwa ni kukiacha kiwe na chuma cha kutosha.

Nirudi kwenye mtetemo, kwa sababu ndio unaowala wenye magari fedha bure. Mzee wa Korogwe alinieleza kwamba diski iliyopinda kwa joto ni nadra kuliko watu wanavyosema. Mara nyingi tatizo ni unene usiolingana: sehemu moja nene, nyingine nyembamba. Ikizunguka kati ya pedi, sehemu nene huzisukuma pistoni nyuma, sehemu nyembamba huziachia, na msukumo huo husafiri kwenye mafuta hadi kwenye mguu wa dereva. Tofauti ya sehemu mbili za mia za milimita inatosha kusikika.

Unene huo huanza kupishana vipi? Alitoa diski yetu ya zamani akanionyesha uso wa habu, pale diski inapokaa. Kulikuwa na magamba ya kutu. Diski ikikalishwa juu ya kutu haikai sawa. Huyumba kidogo sana inapozunguka, kiasi ambacho jicho halioni ila dayali ya kupimia huonyesha. Toyota kwa magari yao mengi huruhusu myumbo usiozidi 0.05 ya milimita. Ukizidi, sehemu ile ile ya diski hugusa pedi kila mzunguko hata dereva asipokanyaga breki. Kwa maelfu ya kilomita, sehemu hiyo huliwa peke yake, au pedi huacha utando wake mahali pamoja. Ukifunga pedi mpya kwenye diski kama hiyo, kwa siku chache utapata utulivu, kisha mtetemo utarudi palepale, kwa sababu chanzo hakijaguswa. Ndiyo maana pedi zetu mpya hazikutusaidia.

Chanzo kingine ni nati za magurudumu. Zikikazwa kwa kusimama juu ya spana, au kwa bunduki ya upepo bila kipimo, moja ikabana sana na nyingine kidogo, diski hubanwa vibaya dhidi ya habu. Nati zinakazwa kwa kuvuka, moja kisha ya upande wa mbali, kwa hatua, na mwisho kwa spana yenye kipimo. Kwa gari langu kitabu kinasema nyutoni mita 103, na magari madogo mengi ya Toyota yana kipimo hicho hicho. Mwenye gari la aina nyingine atazame kitabu chake.

Siku ya kufunga diski mpya nilikaa kwenye kigoda nikatazama kila hatua. Zilifungwa mbili, kushoto na kulia, kwa sababu diski mpya upande mmoja na iliyochoka upande mwingine hazishiki sawa. Habu zilisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana. Diski zilioshwa kwa dawa ya kusafishia breki ili kuondoa mafuta yanayopakwa kiwandani kuzuia kutu. Mafuta hayo yakiingia kwenye pedi, pedi imeharibika. Myumbo ukapimwa. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zikatolewa, zikasafishwa na kupakwa grisi maalumu ya kuhimili joto, na mipira yake iliyochanika ikabadilishwa. Pini ikiganda, pedi moja hufanya kazi ya mbili, ikaisha upesi na kuila diski upande mmoja. Mafuta ya breki yakabadilishwa yote na hewa ikatolewa kwenye mfumo.

Baadaye mzee akampeleka dereva kwenye barabara tambarare, asubuhi kabla magari hayajawa mengi. Akamwelekeza: kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa, apunguze taratibu hadi kama 20, aachie, aongeze mwendo, arudie mara kadhaa, kisha aendeshe bila kugusa breki ili zipoe. Asisimame kabisa huku amekanyaga pedali diski zikiwa za moto, maana pedi huacha alama yake hapo hapo zilipokutana. Kwa njia hii utando wa pedi husambaa sawasawa juu ya diski mpya. Ni jambo la dakika chache, na ni wachache ninaowaona wakilifanya.

Nilimuuliza pia kuhusu kukereza, kwa sababu ni nafuu kuliko kununua. Jibu lake lilikuwa la hesabu: kukereza ni kutoa chuma, kwa hiyo lazima uwe na chuma cha kutoa. Diski ikiwa bado nene, ikakerezwa pande zote mbili kwa mashine nzuri, na ikabaki juu ya namba ya kiwanda kwa kiasi cha kutumia, ni sawa. Diski iliyo karibu na namba hiyo ukiikereza unainunulia tiketi ya kutupwa. Na mashine iliyochoka huweza kuirudisha ikiwa na mawimbi kuliko ilivyokwenda.

Ndivyo nilivyoanza kuweka daftari. Kila tairi zinapozungushwa, kama kila kilomita 10,000, diski zinapimwa na pedi zinapimwa, ya ndani na ya nje, kushoto na kulia. Naandika tarehe, kilomita na vipimo. Daftari hilo limenipa kitu ambacho sikuwa nacho: muda wa kujiandaa. Nikiona diski imeliwa kiasi gani kati ya kipimo na kipimo, najua itafika kwenye kikomo lini, naanza kuweka fedha mapema, na sinunui kwa haraka kile kilichopo dukani. Pedi ya ndani ikiwa nyembamba kuliko ya nje, najua kuna pini au pistoni iliyoganda. Toyota huruhusu pedi ifike milimita moja. Kwa mlima wetu mimi natoa zikifika tatu. Mafuta ya breki hayapitishi miaka miwili.

Macho nayo yana kazi yake kati ya vipimo. Madoa ya bluu juu ya diski yanasema ilipata joto kupita kiasi. Vijiufa vyembamba juu ya uso ni onyo. Ufa uliofika ukingoni ni amri ya kuitoa siku hiyo. Gari likivuta upande mmoja ukishika breki, au rimu moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake baada ya safari, kuna kalipa inayong'ang'ania. Utando wa kahawia asubuhi baada ya mvua za Lushoto hauna neno. Pedi huufuta ukishika breki mara chache. Gari lililolala miezi karibu na bahari, Tanga au Dar es Salaam, ni habari nyingine: kutu ya chumvi huchimba vishimo kwenye uso na kuziba nafasi kati ya mbavu, na diski ya namna hiyo haipoi hata kama unene wake bado upo.

Kuna mabadiliko ambayo hayakuhitaji shilingi hata moja. Dereva wangu, kama vijana wengi njiani kwetu, alizoea kuweka gia huru kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Binti yangu alimweleza kwamba injini za siku hizi zenye kudhibitiwa na kompyuta hukata mafuta gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta. Gia huru ndiyo inayoilazimu injini iunguze mafuta ili isizimike. Sasa anazima O/D, yaani gia ya mwendo kasi, tangu juu, anaweka 2, na pale mteremko ulipo mkali anaweka L. Anakanyaga breki kwa uhakika, mwendo ukishuka anaachia, diski zipate pumzi, badala ya kuzigusa gusa njia nzima. Na akifika Mombo haruhusu vijana wa kuosha magari wamwagie rimu maji mara tu anaposimama. Chuma cha kusubu kilicho moto kikimwagiwa maji baridi huweza kujikunja au kupasuka. Kwanza abiria washuke, mizigo ishuke, gari lipoe.

Dukani nako nimebadilika. Naenda na namba ya chesisi, naomba diski itolewe kwenye boksi, naisoma. Isiyo na jina la mtengenezaji wala namba ya unene wa chini, naiacha pale pale, hata muuzaji aniambie ni mwisho wa bei. Diski ya mtumba kutoka gari lililokatwa siikatai kwa kuwa ni ya mtumba. Naikataa au kuikubali kwa maikromita.

Lakini badiliko ambalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote liko kati yangu na dereva. Kijana anayedaiwa hesabu kila jioni ana sababu ya kunyamaza. Akisema breki zina tatizo, gari litalala gereji, na siku hiyo hana hesabu ya kuleta. Pengine ataambiwa alipie pengo. Kwa hiyo anavumilia mtetemo, anajifunza kuushinda, mpaka anauzoea. Nilimwita nikamwambia, "Mwanangu, kuanzia leo siku ya breki haina hesabu. Gari likilala kwa ajili ya breki, hunidai wala sikudai, na posho yako ya chakula ipo." Tangu nilipotamka hayo, ninasikia mambo mapema: mlio wa pedi, harufu baada ya kona za Soni, pedali iliyolegea kidogo. Taarifa hizo zilikuwepo siku zote. Zilikuwa zinagharimu mno kutamkwa.

Nawaambia hivyo wenye magari wenzangu kila nikipata nafasi, na nawaambia pia wanaoendesha mabasi ya shule na magari ya kukodi. Fundi mzuri haudhiki ukimuuliza unene. Hufurahi, maana anajua utalipia kazi iliyoonekana. Anayekasirika amekupa jibu lake. Wala abiria asione haya kuuliza. Nauli yake ndiyo inayonunua diski hizo, na uhai wake ndio unaozitegemea.

Maikromita si kifaa cha kila nyumba, na siwezi kumlaumu mwenye gari moja akishindwa kukinunua. Kwa hiyo wamiliki kadhaa wa Noah tulichangishana tukanunua moja, na mzee wa Korogwe akapanda mlima kuwafundisha vijana wetu kuisoma. Inakaa kwa msimamizi wa kituo. Inatolewa bure kwa yeyote ambaye gari lake linashuka mlima huu, awe amechanga au hakuchanga. Anachodaiwa ni kuandika kwenye daftari la kituo alichokisoma. Na akisoma chini ya namba ya kiwanda, tumekubaliana wote: gari hilo halipakii abiria mpaka diski zibadilishwe.